Mstari wa Nne

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Najua barua hii haitakukuta umeketi, maana wewe kuketi hujui. Mimi nipo. Sauti imenikauka kwa kelele za darasani, lakini mwili hauna neno.

Ulinilalamikia kwamba siku hizi napiga simu tu, na simu haina mahali pa kuhifadhiwa. Haya, nimekaa chini, nimeshika kalamu. Usije ukasema sikusikii.

Uliniuliza nafundisha nini hasa. Mwaka huu wamenipa wale wa mwaka wa kwanza, somo la kutatua matatizo kwa hatua. Ndio mlango wa kozi nzima. Anayeshindwa hapa, programu hataandika. Watu wanadhani kompyuta ni kubofyabofya. Mimi miezi miwili ya kwanza siwaruhusu hata kuwasha mashine. Tunakaa na karatasi. Mmoja anaandika hatua, mwingine anakuwa mashine, na mashine inafanya kilichoandikwa tu, haiongezi wala haipunguzi. Juzi waliniandikia hatua za kuvaa shati: chukua shati, funga vifungo, ingiza mikono. Nikafanya hivyohivyo. Nilifunga vifungo vyote kwanza, kisha nikaanza kupigana na shati kichwani mbele ya watu arobaini, kifungo kikaruka kikampata mmoja wa viti vya mbele. Walicheka mpaka mkuu wa idara akaja kuchungulia. Lakini walielewa. Siku zote nawaambia: mashine haisomi mawazo yako, inasoma ulichoandika, mstari kwa mstari, mpaka wa mwisho. Na huwa nawatolea mfano wako, dada yangu wa hospitali, kwamba kwenye kazi yake hatua ikirukwa mtu anaumia.

Sasa nikupe kichekesho. Kwenye jaribio niliwapa swali la mafaili. Masjala ina mafaili mia tatu yamechanganyika, kila faili lina namba ya tarakimu tatu, andika hatua za kuyapanga kuanzia namba ndogo. Jibu linajulikana: unaanza na mamia, halafu makumi, halafu mamoja. Kuna binti mmoja, mkubwa kidogo kuliko wenzake, hukaa dirishani, haongei. Yeye kaanza na tarakimu ya mwisho. Ya mwisho, Dada. Yaani 901 na 121 anaziweka trei moja kwa kuwa zote zinaishia na moja. Nikamsimamisha. Nikaandika ubaoni mistari yake miwili ya kwanza, nikawauliza wenzake, hivi mtu akivaa huanza na viatu ndipo suruali? Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia, "Wewe binti unayashika mambo kwa mkia." Basi jina limemganda, wanamwita Mkia mpaka kantini.

Alisema neno moja tu: "Mwalimu, naomba usome mpaka mwisho." Nikamjibu kwamba aliyekosea mlango hana haja ya kunihesabia vyumba. Nilijiona nimesema la maana sana.

Amepata sifuri, na hii ni wiki ya pili hajaonekana. Nimeandika taarifa kwa kamati ya mitihani ahamishiwe kozi ya uchapaji. Si kwa ubaya, kila mtu ana kipaji chake. Kamati inakaa tarehe 20 Aprili, na siku hiyohiyo watamtangaza mkuu mpya wa idara, maana huyu wetu anastaafu. Jina langu limo. Niombee.

Mdogo wako

*

10 Machi

Profesa,

Marahaba. Umenikuta nimeketi, na mguu juu ya stuli, kwa sababu goti limekataa ngazi za kabati. Kwa hiyo hukunijua vizuri kama unavyodhani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya shati, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza nimeona nini. Mara ya pili sikucheka.

Nina maswali matatu, na usinijibu kwa simu. La kwanza: hatua za huyo binti ulizijaribu, au ulizitazama tu? Wewe mwenyewe unasema mashine haitazami sura ya kazi, inafanya. La pili: ulipomsimamisha, mikono yake aliiweka wapi? La tatu: mafaili umeyatoa wapi? Una maduka, una maktaba, una wachezaji wa mpira wenye namba mgongoni. Ukaenda kuchukua masjala.

Pale chuoni hamkosi kadi tupu. Chukua arobaini, ziandike namba zozote za tarakimu tatu, zichanganye, ukae mezani uzipange kama alivyoandika yeye. Kama alivyoandika yeye, nasema. Nusu saa haifiki. Halafu unieleze.

Kukuombea nakuombea, hilo huna haja ya kunikumbusha. Ila sijui bado nikuombee nini.

Dada yako

*

18 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole ya goti.

Nimefanya ulivyotaka, ingawa mke wangu ameniuliza kama nimeanza kucheza karata. Kadi arobaini, trei kumi (sahani, kusema kweli), kuanzia sifuri hadi tisa. Nikazigawa kwa tarakimu ya mwisho. Nikazikusanya kuanzia sahani ya sifuri. Nikazigawa tena kwa tarakimu ya katikati, nikazikusanya. Nikazigawa kwa ya kwanza, nikazikusanya. Unajua nilipata nini? 352 imetangulia 341. Na 298 imetangulia 207. Mamia yalikaa mahali pake, sikatai, lakini ndani ya kila mia mambo yalikuwa kichwa chini miguu juu. Nikarudia mara ya pili, nikapata vilevile. Kwa hiyo mwanasheria wa Mkia ameshindwa kesi.

Nadhani binti alikariri kitu mahali fulani bila kukielewa. Nimeiongezea taarifa yangu sentensi hiyo, kwamba kuna dalili ya kunakili. Karatasi yake nimeiambatisha, ila nakala ninayo.

Mikono sikumbuki aliiweka wapi. Swali gani hilo? Nilikuwa nafundisha, sikuwa napiga picha.

La tatu nalo sikulielewa. Mafaili ni mafaili, yapo kila ofisi.

Usinikasirikie. Najua una huruma na kila anayesimamishwa. Lakini nikianza kumpa alama kila mwenye uso wa huzuni, nitakuwa nafundisha nini?

Mdogo wako

*

24 Machi

Mdogo wangu,

Mtu akikosea ovyo, matokeo huwa ovyo. Yako hayakuwa ovyo. Yamegeuka kwa utaratibu, na umeyarudia yakageuka vilevile, na bado hukujiuliza.

Soma mstari wa nne.

Dada

*

31 Machi

Dada,

Sijui nianzie wapi, na hilo kwa mwalimu wa hatua ni aibu tosha.

Barua yako ilikuwa fupi kiasi kwamba nilidhani umekasirika, nikaiweka mfukoni siku mbili. Ijumaa nilikuwa nimebaki peke yangu ofisini, nikaitoa nakala ya yule binti. Mistari sita. Wino wangu mwekundu unaanzia mstari wa pili, umeukata, umeshuka moja kwa moja mpaka chini kama mtu aliyefunga mlango kwa teke. Ilibidi nisome maneno yake kupitia mkwaruzo wangu mwenyewe. Mstari wa nne unasema: "Kila faili lilazwe kifudifudi juu ya lililotangulia." Na wa tano: "Yakiisha, geuza kila rundo, ndipo ukusanye."

Mimi nilizilaza chali, namba juu, nizione, na hivyo iliyotangulia ikabaki chini na kila rundo likageuka. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilisoma mistari mitatu, iliyobaki nikaijaza kwa akili yangu.

Nikaandika kadi sitini. Nikazilaza kifudifudi. Nikageuza, nikakusanya, mara tatu. Zikapangika zote, Dada, kuanzia 004 hadi 987, hakuna hata moja iliyopotea njia. Nikakaa nazitazama. Halafu nikaelewa kwa nini njia yake inaishinda yangu. Ukianza na mamia, kila rundo inabidi ulipange tena peke yake, meza inajaa marundo. Yeye trei zilezile kumi zinamtosha mwanzo mpaka mwisho. Nimefundisha swali hilo miaka sita. Jibu langu nilirithi kwenye daftari la mwalimu aliyenitangulia, sikuwahi kulijaribu hata siku moja kwa mikono yangu. Sita, Dada. Na nilikuwa nikilisema kwa sauti kubwa.

Uso umenishuka. Nikipita kantini nikasikia "Mkia", nahisi wananiita mimi. Leo nimesahihisha madaftari nikajikuta nasoma kila mstari mara mbili, kwa woga.

Sasa nisaidie kufikiri. Alama naweza kuzibadilisha kimyakimya. Kuna fomu ya marekebisho, naandika "kosa la kujumlisha", mkuu wa idara anasaini bila kusoma, taarifa naiondoa, binti anarudi, mambo yanakwisha. Nikisema wazi kwamba sikusoma karatasi ya mwanafunzi, nikamcheka mbele ya darasa, nikamwandikia tuhuma ya kunakili, ule ukuu wa idara niuage. Na hao wanafunzi hawatanisikiliza tena. Je, si bora haki itendeke bila ngoma? Niambie ni bora.

Halafu kuna jambo moja linanikosesha raha. Mimi sikukwambia karatasi ina mistari mingapi. Mstari wa nne umeujuaje?

Mdogo wako

*

6 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeujua kwa sababu niliuandika mimi.

Upo kwenye mlango wa kabati la tano, hapa masjala, kwenye karatasi ambayo sasa imegeuka rangi ya chai. Mistari sita, kwa mwandiko wangu. Niliibandika mwaka ule nilioanza kazi, baada ya bibi karani aliyenifundisha kustaafu. Wewe umeiona. Au niseme ilikuwa mbele yako. Ulikuwa unakuja hapa kila ukitoka sekondari, unasoma kwenye meza yangu kwa sababu nyumbani hapakuwa na nafasi, na mkoba wako ulikuwa ukiutundika kwenye msumari uleule, juu ya karatasi ileile. Miaka minne. Mimi nikigawa mafaili nyuma yako, wewe ukisoma hesabu. Sikuwahi kukuambia geuka utazame. Hilo nalo nimelifikiria wiki hii, kama nami nilikosea.

Yule binti alikaa nami miaka miwili. Alikuja kufanya usafi, siku moja nikamkuta amesimama mbele ya kabati la tano anasoma kwa kunong'ona. Nikamfundisha. Baada ya miezi mitatu tu alikuwa ananishinda kasi. Mimi ndiye niliyemwambia aende chuo, na chuo nikamchagulia, chenu. Nikamkanya asikwambie ametoka kwangu. Sikutaka umpendelee. Nilidhani upendeleo ndio hatari iliyokuwepo.

Alikuja Jumamosi moja, kabla barua yako ya kwanza haijanifikia. Alikaa kwenye kile kiti chako. Alinieleza yote bila kulia, kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mama, kumbe ulikuwa muuguzi zamani?"

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema mwalimu huwatajia darasani. Dada yake muuguzi. Dada yake anayechoma sindano, anayejua kwamba hatua ikirukwa mgonjwa anakufa. Akasema umeyasema hayo zaidi ya mara moja, na mara moja umesema hata rangi ya sare yangu. Nyeupe, eti. Wakati mimi navaa koti la kaki kwa ajili ya vumbi.

Nilikung'uta vumbi kwenye mkono wa koti, nikamwekea chai.

Ulipomsimamisha, mikono alikuwa ameifunga nyuma. Anasema alikuwa ameishikilia isije ikanyooshea mtu kidole. Angeweza kusema neno moja tu: haya nimefundishwa na dada yako wa masjala. Lingemtosha. Darasa lingegeuka, kicheko kingehamia kwako. Hakulisema kwa sababu lingekutoa muongo mbele ya wanafunzi wako. Akaona bora akae na jina la Mkia. Wewe ulimsimamisha, mdogo wangu, na yeye akakusitiri.

Sasa ndio naelewa kwa nini barua zako zote zinakuja sanduku la nyumbani, ingawa nimekwambia mara ngapi kwamba za kazini hufika mapema. Hutaki kuandika neno masjala juu ya bahasha. Ila kwenye mtihani umeliandika, kwa kuwa huko halina ndugu.

Nimeumia. Sitakuficha. Niliwahi kusema mbele ya watu hapa kwamba mdogo wangu amejifunza mpangilio kwangu, wakanicheka kwamba natia chumvi. Kumbe walikuwa na haki.

Umeniomba nikuambie ni bora kimyakimya. Sikuambii hilo, wala sikuambii lile. Nina mafaili.

Dada

*

10 Aprili

Binti,

Nimeandika barua hii mara tano. Nne za kwanza zilikuwa zinajitetea, nimezichana.

Sikuisoma karatasi yako. Nilisoma mistari miwili, nikakata iliyobaki. Hatua zako ni sahihi, na ni bora kuliko zangu. Uliniomba nisome mpaka mwisho, nikakujibu kwa ufidhuli nikijiona mjanja. Jina wanalokuita nililitoa mimi. Sentensi ya kunakili kwenye taarifa niliiandika mimi, baada ya kufanya jaribio ambalo nalo sikulifanya kama ulivyoandika. Leo nimepeleka taarifa nyingine kwa kamati, inayosema hayo niliyosema hapa, kwa maneno hayahaya. Sikutumia fomu ya marekebisho.

Dada yangu amenieleza ulichokifanya uliposimama. Sijui namna ya kukushukuru kwa jambo ambalo sikustahili, kwa hiyo sitajaribu.

Jumanne tarehe 21, saa nne asubuhi, nina darasa lenu. Naomba uje. Hutasimamishwa. Nitakayesimama ni mimi. Nitahitaji mtu wa kunisomea hatua, na mwenye hatua ni wewe. Ukiona hutaki, usije, na alama zako zitarudi vilevile. Hatua nitazisoma mwenyewe, zote sita.

Mwalimu wako

*

22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Goti lako nalikumbuka. Tafadhali usipande ngazi, waambie wenzako wakupe ya juu.

Nilikwenda. Ulisema niamue mwenyewe, nikaamua nikiwa mlangoni, dakika ya mwisho, na mkono tayari kwenye kitasa.

Meza kubwa ya mbele ilikuwa na trei kumi na rundo la kadi. Mwalimu alikuwa kavaa shati lile la kifungo kimoja kilichopungua. Hakutoa salamu ndefu. Aliwaambia, "Leo mimi ni mashine, na mashine imeharibika, nataka muone ilivyoharibika." Akaninyooshea karatasi yangu, yenye wino wake mwekundu, nisome. Nilisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapo akanizuia. Akaendelea mwenyewe kama alivyofanya nyumbani kwake, chali, chali, chali, mpaka mwisho. Akamwita mmoja wa mbele asome matokeo. 352, 341. Wakaguna.

Akasema, "Hivi ndivyo nilivyompa mwenzenu sifuri." Kisha akaniomba nisome yote. Nikasoma. Mama, nilisoma kama unavyosoma wewe, nikingoja mkono umalize ndipo niendelee. Kadi moja ilimponyoka, akaiokota, akaniuliza ilikuwa ya trei gani maana hakukumbuka. Nikamwambia ya saba. Zilipogeuzwa na kukusanywa mara ya tatu, yule wa mbele akasoma moja baada ya nyingine, sitini zote, na hakuna aliyenong'ona.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshashika begi. Ndipo akasema, huku anatazama zile kadi na si watu, "Hatua hizi zimeandikwa na dada yangu. Niliwaambia dada yangu ni muuguzi. Si muuguzi. Ni karani wa masjala ya hospitali, miaka ishirini na saba, na mimi niliona haya kulisema."

Halafu yule msichana wa kiti cha mbele, aliyepigwa na kifungo, akauliza, wala si kwa ubaya, "Mwalimu, kwa nini uone haya?"

Hakujibu. Alisimama na kadi mkononi mpaka kengele ikalia, na watu wakatoka taratibu kama wanatoka wodini.

Kamati imenirudishia alama zangu juzi. Ukuu wa idara amepewa yule mama anayefundisha mitandao ya kompyuta. Wanasema taarifa ya mwalimu ilisomwa yote, kwa sauti. Mimi bado wananiita Mkia, ila sasa naye ana lake. Wanamwita Kifudifudi. Analisikia, anaendelea kuandika ubaoni.

Nakwambia ukweli, Mama, sijamsamehe bado. Natoka darasani kwake mikono imenichoka kwa kukunja ngumi. Lakini leo alirudisha madaftari, na kwenye langu kulikuwa na alama ndogo ya penseli pembeni ya kila mstari, mpaka wa mwisho. Nikatazama madaftari ya wenzangu. Na wao vilevile.

Mwanao wa kabati la tano

*

25 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Yaliyotokea umeshayasikia, na kwa mtu anayesema kweli kuliko mimi, kwa hiyo siyarudii.

Lile swali la msichana sijalipatia jibu. Nimelitafuta. Ulinisomesha kwenye meza ile, wino wa mihuri ukinichafua viwiko, na nilipofika kwenye watu wenye viatu vya kung'aa nikaona koti lako la kaki litanishusha. Sina zaidi ya hapo, na hilo si jibu, ni kosa lenyewe nimelieleza tena. Naona aibu mpaka masikio yanawaka hapa nilipo, na niko peke yangu.

Likizo inaanza tarehe 4. Naomba nije. Si nyumbani, kazini kwako. Nataka kukaa kwenye kile kiti, nikitazama upande wa pili.

Bahasha nimeandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Utaona.

Mdogo wako

*

30 Aprili

Profesa,

Marahaba.

Bahasha yako imefika. Kwanza ilipokelewa getini, mlinzi akaisoma. Akampa mtu wa mapokezi, akaisoma. Ikapita famasi kwa sababu isiyojulikana. Iliponifikia, nusu ya hospitali ilikuwa inajua kwamba KARANI WA MASJALA ana mdogo wake mwalimu wa chuo. Mwenzangu wa meza ya pili ameikata ile anwani kwa mkasi, ameibandika kwenye kabati la tano. Nilimkataza. Hakunisikia.

Barua zako zote ninazo kwenye faili moja, tangu ulipoondoka. Hizi za mwaka huu nimezitia humohumo pamoja na nyingine, ikiwemo ile ya kicheko. Faili halichagui.

Kama unataka kujua nimepoa, sijapoa. Nikivaa koti asubuhi bado nakumbuka ile sare nyeupe. Yatapita, ila usinihimize.

Uje tarehe 4. Usibebe zawadi, wala usinifanyie hotuba mbele ya watu, hizo umeshatoa. Vaa shati la mikono mirefu na uhakikishe lina vifungo vyote. Wodi mbili zimehamishwa jengo jipya, zimenimwagia mafaili elfu moja na mia nne, na goti langu hili unalijua. Kiti chako kipo, lakini hutakikalia. Msumari nao upo. Mkoba utauweka chini.

Dada yako